Aliyemwandikia Tarzan maneno alikuwa mtunzi wa muziki wa jukwaani: uzi wa Ivor Novello

Kinanda Kibovu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu nyuzi za majasusi na ndege zilizopotea zimejaa, leo nawaletea mtu wa burudani. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa muvi za zamani, maana kwa huyu jamaa muvi ni kipande tu cha maisha.

Tafuta Tarzan the Ape Man ya MGM, ile studio kubwa ya Hollywood, ya mwaka 1932, ile aliyocheza Johnny Weissmuller yule muogeleaji wa Olimpiki. Majina ya mwanzo yakipita, usiyaruke. Utaona wahusika ni wa Edgar Rice Burroughs, hadithi imepangwa na Cyril Hume, na mazungumzo yameandikwa na Ivor Novello.

Sasa ungemkamata Mwingereza yeyote wa miaka ile ukamuuliza Ivor Novello ni nani, Tarzan asingemtaja kabisa. Mwanajeshi mstaafu angekuimbia wimbo. Binti wa dukani angekwambia ni yule kijana mzuri wa sinema bubu. Mama mtu mzima angekwambia alimwona ukumbi wa Drury Lane, London, usiku ule meli ilipozama jukwaani. Wote hao wanamzungumzia mtu mmoja.

Jina la kuzaliwa ni David Ivor Davies, Cardiff, Wales, tarehe 15 Januari 1893. Baba alikuwa mkusanya kodi za nyumba, mtu mpole. Moto wa nyumba ile ulikuwa mama, Clara Novello Davies, mwalimu wa kuimba na kiongozi wa kwaya ya wanawake wa Wales. Mwaka uleule aliojifungua mtoto, mama huyo aliivusha kwaya yake bahari mpaka kwenye maonesho ya dunia ya Chicago na kurudi na ushindi. Ndiyo nyumba aliyokulia Ivor: waimbaji wanaingia, waimbaji wanatoka, kinanda hakipoi. Jina Novello lilikuwa la mama, naye mama alilirithi kwa mwimbaji maarufu Clara Novello. Ivor alilitumia kwenye kazi tangu ujana, akaja kulihalalisha kisheria 1927.

Dogo alikuwa na sauti ya dhahabu. Akapata nafasi ya kusoma na kuimba kwaya Magdalen, Oxford. Halafu balehe ikaja, sauti ikavunjika, na haikurudi tena kuwa ya maana. Hilo la sauti lishikeni, nitalihitaji mbele.

Mwaka 1914 vita imeanza, London nzima inaimba nyimbo za kijeshi. Mama akamshikia bango mwanawe: andika wimbo wa vita. Yeye anakwepa. Inasimuliwa mama akaona isiwe tabu, akaandika wa kwake, ukawa mbaya kiasi kwamba Ivor alilazimika kutunga haraka ili kuokoa jina la familia. Melodi ikapatikana, maneno akayaandika Lena Guilbert Ford, mshairi wa Kimarekani aliyekuwa akiishi London. Hapo ukazaliwa Keep the Home Fires Burning. Wimbo hauna risasi wala bendera kubwa. Unawaambia waliobaki nyumbani waache moto uwake mpaka vijana warudi. Ukaimbwa mahandakini, kumbi zote, majumbani. Mtunzi ana miaka 21.

Lena Ford hakuuona mwisho wa vita. Machi 1918 ndege za Wajerumani zilishambulia London, akafa yeye na mwanawe ndani ya nyumba yao.

Naendelea.

Mama Kulwa

Nimekaa pale na chai yangu. Shusha mkuu.

Bingwa wa Kupinga

Uzi wa Tarzan umegeuka uzi wa kwaya. Haya, tupo.

Kinanda Kibovu

Bingwa vumilia, tunafika.

1916 akajiunga na kikosi cha anga cha jeshi la majini kujifunza urubani. Akaangusha ndege ya kwanza. Akaangusha ya pili. Wakubwa wakapiga hesabu ya gharama, wakamhamishia ofisini kwenye karatasi. Kwetu sisi ni heri tupu, maana ofisini alibaki na jioni za kutungia muziki.

Hapa niwaeleze kidogo muziki wa jukwaani ulivyokuwa ukipikwa London wakati ule, kwa sababu ndiyo shule aliyopita. Usifikirie mtunzi mmoja amekaa na hadithi yake mwanzo mpaka mwisho. Prodyuza ana ukumbi, ana waigizaji wanaopendwa, ana kichekesho cha kuunganisha matukio. Nyimbo anaagiza: mbili kwa huyu, tatu kwa yule, moja imetoka New York na meli. Mwimbaji akilalamika wimbo haumkai, unatolewa, unawekwa mwingine, pengine wiki ya pili baada ya kufunguliwa. Theodore & Co ya 1916, pale Gaiety, ilitengenezwa hivyohivyo. Novello aliandika sehemu ya nyimbo, na sehemu nyingine ikaandikwa na kijana wa Kimarekani, Jerome Kern, ambaye baadaye aliibadilisha Broadway. Ilichezwa mara 503.

Zikafuata Arlette, Tabs, Who's Hooper?, na 1921 A to Z, yenye And Her Mother Came Too aliyouimba Jack Buchanan. Maneno ni ya Dion Titheradge. Kijana anasimulia kila anapotaka kutoka na mchumba wake, mama mkwe naye yumo. Usikilizeni jinsi melodi inavyotulia kumpisha msimuliaji atoe kichekesho, kisha inarudi. Mtu anayejua kuandika hivyo anajua lini muziki unyamaze. Hiyo nayo shikeni.

Sinema ilimfuata yeye. Mwongozaji wa Kifaransa, Louis Mercanton, aliona picha yake, akamtaka kwa The Call of the Blood ya 1920, ingawa jamaa hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Ile sura haikuhitaji ushahidi mwingine. 1923 D. W. Griffith mwenyewe, mwongozaji mkubwa wa Kimarekani, akamchukua kwa The White Rose. Kufika katikati ya muongo ule alikuwa nyota mkubwa wa sinema bubu Uingereza.

Lakini jamaa hakukaa kusubiri kuitwa. Aliandika hadithi ya jambazi wa mitaa ya Paris akiiwazia kama filamu. Haikutengenezwa wakati ule, basi akakaa na mwigizaji Constance Collier wakaigeuza mchezo wa jukwaani, wakaipa jina The Rat, yaani Panya, wakajificha nyuma ya jina moja la bandia, David L'Estrange. Mchezo ukalipa 1924. Mwaka uliofuata ndipo filamu ikatengenezwa, na yeye ndiye Panya mwenyewe. Ikazaa mbili nyingine nyuma yake. Skripti ilikataliwa mlangoni ikapitia dirishani.

1927 anacheza The Lodger ya Alfred Hitchcock, mpangaji anayeshukiwa kuua wasichana wa London. Hitchcock alitaka mtazamaji aondoke na shaka. Ikashindikana: nyota anayependwa na wanawake wa nchi nzima hawezi kuwa muuaji, kwa hiyo mpangaji lazima awe hana hatia. Mwaka huohuo Hitchcock akatengeneza pia Downhill, kutoka mchezo mwingine wa huyohuyo "David L'Estrange".

Fundi Gitaa wa Temeke

Mkuu hapo kwa melodi kumpisha msimuliaji nimekuelewa mpaka mifupani. Mimi ni mpigaji. Waimbaji wengi wa siku hizi wanataka gitaa lijaze kila tundu. Wimbo wa kuchekesha unakufa hapo.

Swali: huyu bwana alikuwa anaandika maneno mwenyewe au melodi tu?

Kinanda Kibovu

Fundi, miaka hiyo kwenye nyimbo zake nyingi zilizovuma alikuwa mtu wa melodi, maneno ya watu wengine. Maneno yake makubwa aliyaweka kwenye michezo ya kuongea. Kufika 1928 ameandika The Truth Game, kichekesho cha watu wa tabaka la juu wanaotaniana sebuleni, na 1929 Symphony in Two Flats. Akaipeleka kazi yake New York.

Na hapo ndipo Hollywood inamdaka.

Elewa hali ilivyokuwa. Sinema ilikuwa imeanza kuongea kuanzia 1927. Kufika 1930 studio zina nyota wenye sura nzuri, zina kamera, zina umeme, hazina watu wanaojua binadamu wawili wanaongeaje kwenye chumba. Miaka yote waandishi wao walikuwa wakiandika matukio na vibao vya maandishi. Kwa hiyo zikawa zinawazoa waandishi wa michezo kutoka New York na London kwa mikataba ya wiki. MGM wakamchukua Novello.

Yeye alienda akidhani atakuwa nyota. Walimpa dawati. Alicheza filamu moja tu kule, Once a Lady ya 1931, nayo ilikuwa ya Paramount. Kwa MGM kazi ilikuwa kuandika. The Truth Game yake ikageuzwa But the Flesh Is Weak, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika skripti. Ikatoka 1932, anacheza Robert Montgomery. Fikiria mchezo wako, sehemu uliyoicheza mwenyewe, unakaa pembeni kumwandikia mwingine.

Halafu wakampa Tarzan.

Kwenye vitabu vya Burroughs Tarzan ni mtoto wa lodi wa Kiingereza. Anajifundisha kusoma kwa vitabu vilivyoachwa na wazazi wake, anaongea Kifaransa, anaongea Kiingereza, anaendesha gari. MGM walinunua haki ya mhusika, hadithi za vitabuni hawakununua. Ilibidi wabuni yao. Wakaamua Tarzan wao hana lugha kabisa, na hakuna anayeeleza alifikaje pale. Weissmuller hakuwa mwigizaji, alikuwa muogeleaji mwenye medali tano za dhahabu. Kwa studio hilo lilikuwa nafuu.

Yaani mwandishi wa vichekesho vya sebuleni, mtu ambaye chakula chake ni watu wanaoongea haraka na kwa werevu, anapewa shujaa asiyejua kusema.

Alichofanya ni kumpa Jane maneno yote. Kuna sehemu ya mtoni, Maureen O'Sullivan anaongea peke yake kwa muda mrefu. Anatania, anauliza, anajijibu, anasema mambo ambayo binti wa Kiingereza asingethubutu kumwambia mwanaume, kwa sababu anajua huyu haelewi. Ile ni sebule ya London imehamishiwa porini, na upande mmoja wa sofa umenyamaza.

Na kuna ile ya majina. Watu wote wanakumbuka "Me Tarzan, you Jane". Haimo kwenye filamu. Iangalieni. Jane anajionesha, anataja jina lake. Yeye anamgusa kifuani: Jane. Anajigusa: Tarzan. Jane. Tarzan. Jane. Tarzan. Anazidisha mwendo, anazidisha nguvu ya kidole, mpaka binti anamsihi aache. Silabi tatu tu zinazobadilishana na mwendo unaopanda. Mimi nikiiona sioni kazi ya mwandishi wa mazungumzo, naona mtu wa muziki amepewa noti mbili akaambiwa atengeneze kitu.

Bingwa wa Kupinga

Mkuu hapo umepanda mnazi bila kamba. Skripti ya studio ilishikwa na watu wengi, mwongozaji yupo, waigizaji wapo. Unajuaje ile ya majina ni wazo la Novello na si la Cyril Hume au la mwongozaji Van Dyke siku ileile ya kupiga picha?

Kinanda Kibovu

Bingwa, sijasema ni wazo lake peke yake. Jina lake limewekwa kwenye mazungumzo, basi nayapima mazungumzo. Na sikiliza nitakachosema kuhusu Drury Lane kabla hujaninyonga.

Mwana wa Machakos

Wakuu nimesoma kimya kimya lakini sasa mmeniita. Hiyo Tarzan ya 1932 ina picha nyingi zilizobaki kutoka Trader Horn, muvi nyingine ya MGM na ya mwongozaji huyohuyo, W. S. Van Dyke. Hiyo walikuja kuipiga huku kwetu mwaka 1929: Kenya, Uganda mpaka maporomoko ya Murchison, Tanganyika, na Kongo. Ilitoka 1931. Mwafrika aliyekuwa na sehemu kubwa mle, Renchero, yule mbeba bunduki wa Horn, jina lake liliandikwa Mutia Omoolu. Mutia! Hilo kwetu Ukambani ni jina la kila kijiji.

Sasa rudi kwenye Tarzan. Lile genge la kutisha ambalo msafara unapanda kwa kamba, kabla ya kufika nchi ya Tarzan, linaitwaje? Mutia. Miaka yote Hollywood walikuwa wanapanda jina la Mkamba.

Mama Kulwa

Weeee! Hii ya Mutia ndiyo nitakayolala nayo leo.

Pwani Mchangani

Mimi wa Unguja. Marehemu babu alikuwa akisimulia Tarzan za pale Majestic, watu wanapiga miluzi mpaka sauti haisikiki. Lakini tuseme na lingine jamani. Mle ndani sisi ni wapagazi tu. Mpagazi anaanguka gengeni, mzungu anauliza mzigo ulikuwa na nini. Nilipoiona ukubwani nilizima. Sasa kama mazungumzo ni ya Novello, na hiyo pia ni ya Novello.

Kinanda Kibovu

Pwani Mchangani, haki yako kabisa, na siipambi. Pori lile karibu lote ni California. Hata tembo wengi ni wa Kihindi, walivalishwa masikio ya bandia wafanane na wa kwetu. Kilicho cha Afrika kweli mle ndani ni zile picha alizozitaja Mwana wa Machakos. Watu weusi kwenye skripti ile ni mzigo na kifo, na mtu aliyeweza kumpa Jane utu wote ule hakuona haja ya kumpa mpagazi hata sentensi moja ya maana. Hilo liandikwe kwenye hesabu yake.

Mwana wa Machakos

Na Edwina Booth, yule dada mzungu wa Trader Horn, aliugua huku akarudi kwao akaishtaki MGM. Wapagazi wa kweli wangeishtaki nani?

Kinanda Kibovu

Hiyo ni uzi mzima peke yake.

Turudi. Novello hakuvumilia Hollywood. 1932 hiyohiyo akafunga virago. London akaicheza tena The Lodger, safari hii ya sauti, na akashiriki kuandika skripti yake. Akapiga filamu chache nyingine, ya mwisho Autumn Crocus ya 1934, akaachana na kamera. Kwenye jukwaa alikuwa akitoa mchezo juu ya mchezo: Party, Fresh Fields, Proscenium, Murder in Mayfair. Muziki wa jukwaani alikuwa ameuacha kwa miaka.

Sasa Theatre Royal, Drury Lane. Ule ni ukumbi mkubwa kuliko akili, na 1934 ulikuwa unapumulia mashine. Simulizi inasema alikuwa akila chakula cha mchana mgahawa wa Ivy na H. M. Tennent, mmoja wa viongozi wa ukumbi, analalamikiwa hali mbaya, akajibu kwamba atawaandikia kitu, na hadithi akaibuni palepale mezani. Tuchukulie kuna chumvi. Ila Glamorous Night ilifunguliwa tarehe 2 Mei 1935: hadithi yake, muziki wake, mhusika mkuu yeye. Maneno ya nyimbo yaliandikwa na Christopher Hassall, kijana aliyekuwa mwigizaji tu. Kuna mfalme wa nchi ya kubuni, mwimbaji anayependwa na mfalme, na kijana wa Kiingereza mgunduzi wa televisheni. Na meli inazama jukwaani, hadharani, kila usiku.

Ilijaza. Wakaiondoa bado inajaza, maana ilibidi kupisha pantomimu ya Krismasi. Mnajua tena bodi za kumbi.

1936 Careless Rapture, ambamo tetemeko la ardhi linabomoa mji wa China mbele ya watazamaji. 1937 Crest of the Wave, treni inapata ajali jukwaani. Unaona hapo? Mtu ametoka MGM, ameona pesa inavyonunua macho ya watu, amerudi kuyafanya hayohayo kwa mbao, kamba na taa. Wakosoaji wengine walimcheka wakasema ni mapambo matupu. Tiketi hazikuwa zinacheka.

Na Bingwa, hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Kwenye shoo hizi Novello ni shujaa mkuu. Haimbi. Ametunga nyimbo zote, amejiandikia sehemu kubwa kuliko wote, na nyimbo kubwa amewapa wengine. Mary Ellis anasimama, sauti inafika paa la Drury Lane, na mwanaume anayependwa yuko pembeni anamsikiliza. Sauti ilimvunjikia Oxford, basi akajenga muziki wa jukwaani ambao mwanaume wa katikati hahitaji kuwa na sauti. Sasa itazame ile ya mtoni tena. Mwanamke ndiye mwenye lugha, mwanaume amenyamaza, na watazamaji wote wanamtazama aliyenyamaza. Miaka mitatu kabla ya Glamorous Night. Hilo umbo ni lake, studio ikubali ikatae.

Bingwa wa Kupinga

Nakupa nusu. Hiyo ya kutoimba ni kali, sikuijua. Ila sehemu ya mtoni nabaki kusema MGM walimnyamazisha Tarzan kabla Novello hajaingia ofisini. Yeye alikuta mwanaume bubu, hakumtengeneza.

Fundi Gitaa wa Temeke

Bingwa, hata wimbo unakuta kinanda kishafungwa sauti na mtu mwingine. Mpigaji anajulikana kwa anachokifanya nacho. Mkuu endelea na vita vya pili, huyu Novello alikuwa wapi?

Kinanda Kibovu

Jukwaani, na jela kidogo.

The Dancing Years ilifunguliwa Drury Lane tarehe 23 Machi 1939. Mhusika wake ni Rudi Kleber, mtunzi Myahudi wa Vienna, na mwishoni Wanazi wanamkamata. Wakati huo Austria ilikuwa imemezwa na Hitler kwa mwaka mmoja tu, na wakubwa wa ukumbi walisita sana juu ya hizo sehemu. Septemba vita ikaanza, kumbi zikafungwa. Ikazunguka mikoani, 1942 ikarudi London, Adelphi, ikachezwa mara 969. Watu wanatoka kwenye mabomu wanakwenda kusikiliza waltz za Vienna kutoka kwa mtunzi Mwelsh aliyecheza Myahudi. Kwangu hii ndiyo kazi yake kubwa. Wanaomwona mtu wa mapambo tu huwa wanairuka.

1944, petroli ina mgao, na magari ya binafsi yanahitaji kibali. Novello alikuwa na Rolls-Royce ya kumrudisha mashambani wikiendi. Kibali akanyimwa. Shabiki wake mmoja mwanamke akapanga gari lihesabiwe kama la kampuni alikokuwa akifanya kazi. Mpango ukagundulika, Novello akahukumiwa wiki nane, rufaa ikapunguza hadi nne, akazitumikia Wormwood Scrubs. Zilimvunja sana. Alipotoka akarudi jukwaani kwenye The Dancing Years, na watazamaji wakamshangilia.

Mama Kulwa

Jela kwa ajili ya petroli ya Rolls-Royce, wenzake wanakufa mbele? Mimi namhurumia huyo dada shabiki kuliko yeye.

Pwani Mchangani

Dada Mama Kulwa umenena. Nami nisingemshangilia.

Kinanda Kibovu

Wapo waliosema hivyohivyo wakati ule.

Nifupishe. 1945 Perchance to Dream, maonesho 1,022, na Fundi hili ndilo jibu lako kamili: katika shoo zake kubwa, hii ndiyo aliyoandika maneno ya nyimbo mwenyewe. Humo mna We'll Gather Lilacs, wimbo wa watu waliotenganishwa na vita wanaoahidiana kuchuma maua pamoja. Miaka 31 baada ya ule wa kwanza, mada ni ileile ya kungojana, safari hii bila Lena Ford.

1949 King's Rhapsody pale Palace. Februari 1951 ikaongezeka Gay's the Word ya Cicely Courtneidge, ambamo anazicheka shoo za mapenzi na wafalme, yaani zake mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1951, saa chache baada ya kutoka jukwaani kwenye King's Rhapsody, moyo ukasimama. Alikuwa kwenye fleti yake ya Aldwych aliyoishi tangu kabla ya Vita ya Kwanza, juu ya ukumbi wa Strand. Miaka 58. Hakuoa. Mwenza wake wa miaka mingi alikuwa mwigizaji Bobbie Andrews. Ukumbi uliokuwa chini ya kitanda chake tangu 2005 unaitwa Novello Theatre, na tuzo za watunzi wa nyimbo za Uingereza zilizoanzishwa 1955 zina jina lake. Wasanii wanaozibeba leo, wengi nadhani hawajui mwenyewe alimwandikia Tarzan.

Fundi Gitaa wa Temeke

Mkuu asante sana. Mtu aanzie wapi kusikiliza?

Kinanda Kibovu

And Her Mother Came Too kwanza, tafuta ya Jack Buchanan. Halafu We'll Gather Lilacs. Kwa macho, The Lodger ya 1927, achana na ile ya 1932 mpaka uwe shabiki sugu. Tarzan angalia ya kwanza tu kwa ajili yake. Ya pili, ya 1934, hakuiandika.

Bingwa wa Kupinga

Nimeicheki ya mtoni sasa hivi. Nakupa robo tatu.

Mwana wa Machakos

Mleta uzi, usikimbie. Ule wa Trader Horn unafungua lini? Nataka mambo ya Murchison yote, na wapagazi kwa majina kama yapo.

Kinanda Kibovu

Wikiendi hii. Wewe andaa ya Ukambani, mimi naleta ya MGM.